Maswali ya wasomaji: Bembea nne kwa watoto 1,600?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba watoto wa shule za msingi wanahitaji kucheza wakati wa mapumziko, sikutegemea kama ningechokoza watu kiasi hiki. Meseji zimejaa, nyingine ndefu kuliko mitihani niliyowahi kusahihisha, nimechagua tano. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za msingi miaka 31, mingi katika hiyo la kwanza na la pili, kwa hiyo nikiongelea vumbi la uwanja wa shule naongelea kitu nilichokimeza.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Binti yangu yupo la pili shule ya serikali, wapo kama 1,600 hivi. Kila siku nikimuuliza mapumziko umecheza nini, jibu ni "nilisimama ukutani". Nikaja kuulizia, kumbe uwanja wote ni wa kaka zao wa la sita na la saba wanapiga mpira, mdogo akikatiza anapigwa kikumbo. Sasa kamati ya shule imeleta wazo kila mzazi achange 5,000 zinunuliwe bembea nne na mteremko mmoja wa kutelezea. Kwenye grupu la wazazi ni vita tupu, wengine wanataka shule ipendeze, wengine wanasema vyoo kwanza. Mimi hela ninayo ila roho inasita. Nichange?

Marahaba mwanangu. Roho yako ina akili, ngoja tupige hesabu kidogo. Bembea nne, mapumziko dakika 30, kila mtoto tumpe dakika mbili, yaani kupanda, kubembea na kung'olewa kwa nguvu maana hakuna mtoto anayeshuka kwa hiari. Bembea moja inachukua watoto 15, nne zinachukua 60. Gawanya 1,600 kwa 60, binti yako anapata zamu yake moja kila baada ya siku 27 za shule, hiyo ni zaidi ya wiki tano, na hapo nimechukulia la saba watakaa foleni kistaarabu, kitu ambacho wewe na mimi tunajua hakipo. Wazazi wote wakichanga ni milioni nane. Milioni nane kwa dakika mbili kila wiki tano, halafu siku zilizobaki mtoto anarudi kusimama pale pale ukutani.

Sijasema bembea ni mbaya. Nasema tatizo mlilonalo hapo ni mgao wa uwanja, na bembea haigawi uwanja.

Mwaka mmoja nikiwa shule fulani Temeke mwalimu mkuu alinipa kazi ya michezo, nahisi aliona mimi ndo sina kelele ofisini. Sikununua kitu. Nilibeba kiti nikakaa chini ya mwembe mapumziko ya siku tano mfululizo na daftari, nikachora uwanja, nikawa naweka alama nani yuko wapi. Jamani. Wavulana 24, nimewahesabu mmoja mmoja, walikuwa wanatumia kama robo tatu ya uwanja. Wasichana karibu wote wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa kama nguo kwenye kamba, maana saa nne na nusu kivuli kilikuwa hapo tu na chini ya mwembe, na chini ya mwembe pana walimu. Na wale wadogo wa la kwanza sikuwaona kabisa siku ya kwanza, nikaanza kuwatafuta.

Walikuwa nyuma ya vyoo. Mafundi walikuwa wamejenga matundu mapya wakaacha lundo la mchanga, kama nusu tripu ya fuso, na watoto kama themanini walikuwa wamelivamia. Wengine wanachimba handaki, wengine wanateleza na vipande vya boksi, binti mmoja anauza sukari kwenye vifuniko vya soda, na kijana mmoja mdogo kabisa, shati limetoka nje, alikuwa amepata kipande cha mpira wa maji akakichomeka kwenye mchanga, ana kituo cha mafuta. Wateja wanakuja na magari ya mdomo, anawawekea mafuta, wanalipa majani. Nikasogea kumuuliza swali akaniambia bila hata kuniangalia, "Mwalimu panga foleni." Nikapanga.

Wiki iliyofuata mafundi wakaja kuchukua mchanga wao. Mapumziko ya siku ile nikawaona wale themanini, wako ukutani.

Mchanga, mwanangu. Tripu moja ya mchanga. Na hiyo siyo akili yangu peke yangu, hata Denmark kulikuwa na msanifu bustani anaitwa C. Th. Sørensen, aliona watoto wanapita bustani za michezo alizowatengenezea vizuri wanaenda kuchezea kwenye viwanja vya ujenzi, akaamua kuwafuata huko huko walikokimbilia, na mwaka 1943, vita vya pili vikiendelea, kikafunguliwa kiwanja pale Emdrup, Copenhagen, kimejaa mbao na matofali na takataka za ujenzi. Watoto walikipenda mpaka Waingereza wakaenda kujifunza. Sisi takataka za ujenzi tunazo bure halafu tunamlipa mtu azizoe.

Kwa hiyo ningekuwa kamati yenu ningeanza hivi. Mpira wa miguu upewe mipaka, na mpira wenyewe usifutwe, kufuta ni kutafuta vita na la saba na utashindwa. Chukueni nusu ya uwanja, igeuzeni iwe viwanja viwili vya chandimu vinavyokatiza upana, magoli madogo, mstari wa majivu au chokaa. Watoto 24 wanacheza vile vile, tena kila mmoja anagusa mpira mara nyingi zaidi, na nusu nyingine ya uwanja imepona. Halafu ratiba, siku ya la tatu na la nne, siku ya la tano, siku ya wasichana. Mimi nilipotangaza hilo walinijia ujumbe wa watu sita, kapteni mbele, wamechomekea mashati, wanasema haki yao imeporwa. Nikawapa karatasi wapange wenyewe ratiba ya haki. Walikaa siku mbili, wakaleta ratiba kali kuliko yangu, mpaka adhabu ya darasa litakalochelewa kutoka uwanjani waliweka, ila Ijumaa waliiandika "fainali" na fainali ni la saba tu. Nikawaachia Ijumaa yao.

Nusu iliyobaki, pembeni kwenye kivuli, mwageni mchanga na kuzungushia magogo ya minazi usisambae. Paka na mbwa wa mtaa wataugeuza choo, hilo lipo, kwa hiyo darasa la zamu asubuhi lipige reki na kuokota uchafu kabla ya kuhesabu namba mstarini, na usiku kama mna turubai chakavu funikeni. Kisha sanduku. Sanduku la mbao lenye kufuli na ndani yake kamba, ringi za baiskeli, madumu yaliyokatwa, vifuniko, mipira ya soksi, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, maboksi. Kamba ya manila ya mita sita inarukwa na watoto kumi na tano kwa wakati mmoja, wawili wanazungusha, wanne ndani, waliobaki wanaimba na kusubiri kuingia, na anayesubiri kwenye kamba anacheza, anayesubiri kwenye bembea amesimama tu. Linganisha bei utacheka. Na rede, ile wawili wanarusha mpira na wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, haihitaji hata shilingi, inahitaji tu mahali ambapo mtoto hatapigwa na mpira mwingine mgongoni.

Sasa kama baada ya hayo yote bado wanataka bembea, basi wafanye ya kueleweka. Shule moja niliyofundisha walileta bembea za fundi wa kuchomelea, nzuri, rangi ya njano na bluu, viti vya mbao ngumu ya mninga. Wiki ya pili kuna mtoto alikatiza nyuma kufuata mpira, kiti kikamkuta kwenye paji la uso. Nilimbeba mimi, nyuzi nne, gauni langu lilikuwa jeupe siku hiyo. Baada ya hapo bembea zikafungwa kwa kamba juu, hazikufunguliwa tena, na likizo ya Disemba watu wa vyuma chakavu wakaja usiku wakaondoka na minyororo. Kwa hiyo kiti kiwe cha mpira wa tairi, kisiwe mbao wala chuma. Chini kuwe na mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi, siyo zege, siyo ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya vizazi vitatu. Bembea zikae pembeni kabisa mahali ambapo hakuna njia ya kukatiza, mbele na nyuma pawe wazi mara mbili ya urefu wa nguzo. Nguzo zizikwe kwenye zege. Mteremko wa bati usielekezwe kwenye jua, saa sita utachoma mapaja ya watoto, nimeona.

Nichange? Changa, ila nenda kikaoni kwanza ukaseme hizi habari za mchanga na kamba, na hesabu ya siku 27 ichukue kama ilivyo. Na mkumbushane kwamba mchango kwenye shule ya serikali ni wa hiari, hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani wala kunyimwa bembea kisa mama yake hakutoa 5,000. Wanaosema vyoo kwanza nao wapo sawa, ila tripu ya mchanga haiwezi kuzuia choo kujengwa, yaani hela yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya choo.

Mwalimu habari za siku. Mimi ni mwalimu wa michezo, nipo Dodoma. Kuna mfadhili, ana gereji, ametupa tairi chakavu kama hamsini, za magari madogo na za malori. Nimeona picha za shule zimepaka rangi tairi zinapendeza kweli. Naombeni mawazo nianzie wapi, maana sasa hivi zimerundikwa nyuma ya jiko la shule na uongozi unaanza kulalamika.

Mwalimu mwenzangu, uongozi una haki na wanaweza wasijue kwa nini. Kesho asubuhi kabla ya rangi, kabla ya picha, nenda na drili au msumari wa moto ukatoboe kila tairi matundu manne au matano chini. Tairi lililolala likinyeshewa linashika maji na halikauki, na mbu wa dengue anapenda maji ya namna hiyo kuliko dimbwi. Dar walipata shida ya dengue 2014, wakapata tena 2019, na mbu huyu anauma mchana, yaani saa hizo hizo watoto wako wapo uwanjani. Tairi ambalo huna kazi nalo bora lirudi gereji.

Ukishatoboa, pitisha mkono, tena na glavu, kwenye kila tairi ndani na nje. Zilizoisha kabisa zinatoa nyaya ndogo za chuma, nyembamba kama sindano, mtoto akiteleza juu yake utaletewa kesi. Zenye nyaya usitumie hata kama kubwa na nzuri.

Zilizobaki zizike nusu, zisimame wima kama daraja, zimepangwa zigizaga, umbali tofauti tofauti ili wadogo wapate za kwao za karibu na wakubwa za kuruka. Nusu kabisa chini na udongo ushindiliwe, zikichimbiwa juu juu zinang'oka wiki ya kwanza. Za malori mbili tatu lalisha, jaza mchanga, hizo ni visiwa. Na usizike zote! Acha kumi ndogo huru, za kusukuma, za kubeba, za kujenga. Nakuhakikishia hizo kumi ndo zitachezewa kuliko arobaini ulizopaka rangi.

Dodoma jua lenu nalijua, tairi jeusi saa saba halikaliki, kwa hiyo rangi nyeupe au njano ina kazi zaidi ya urembo. Ila dawa ni kivuli. Na hapa niongee kidogo maana kinaniuma, kila mwaka naona shule inapanda miti mia mbili siku ya mgeni rasmi, picha zinapigwa, mwezi wa nane ukirudi unakuta vijiti. Panda sita. Mwarobaini huko unakubali vizuri. Sita tu, kila mmoja na boma la miba dhidi ya mbuzi, na maji ya kunawia mikono yaelekezwe kwenye mashina yake kwa kimfereji, hakuna mtoto wa kupangiwa kumwagilia, maji yanaenda yenyewe kila siku ya shule. Likizo ndefu mlipe mlinzi kitu kidogo. Baada ya miaka mitatu minne watoto wako watakuwa na mahali pa kukaa.

Mimi nina mtazamo tofauti na wewe Mwalimu, usinichukie. Shule ya mwanangu wamefuta mapumziko ya mchana kwa la nne sababu ya mtihani wa taifa na mimi nimeunga mkono. Kucheza atacheza akimaliza shule. Sisi tulicheza sana, tumefika wapi?

Umefika mahali pa kuandika barua iliyonyooka kwenye gazeti, siyo haba.

Sikuchukii, ila hujamkalia mtoto wa miaka kumi darasani saa nane mchana, watoto 90, bati halina dari. Mimi nimemkalia. Kipindi cha nne mfululizo unafundisha vichwa vilivyolala macho wazi, unarudia sentensi moja mara tatu, hizo dakika 20 ulizookoa kwenye mapumziko unazilipa pale pale na riba. Finland, ambao watu wa mitihani wanapenda kuwataja, wamezoea dakika 45 za somo kisha 15 za nje, hata kwenye baridi lao. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 za kuhema na kutoka jasho kila siku. Mwanao anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi jioni na tuisheni juu, hizo 60 unazipachika wapi zaidi ya shuleni? Na kucheza ni haki yake, imeandikwa kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, nchi yetu ilishauridhia. Ukitaka kufuta kitu, anza na zile dakika arobaini za matangazo pale mstarini.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka tisa, anatumia kiti mwendo, tupo Tanga. Mwalimu wake ni mzuri sana simlaumu, ila mapumziko anabaki darasani na rafiki mmoja mmoja wanapokezana. Anasema hapendi kutoka. Nimwache?

Marahaba. Usimwache, ila usimsukume pia, kwanza muulize kwa nini. Mara nyingi watoto hawa wakisema "sipendi" wanamaanisha magurudumu yanazama. Siku ya Jumamosi mpeleke shuleni uwanja ukiwa mtupu, mzunguke naye, akuonyeshe anapokwama. Utashangaa ni padogo, ngazi moja ya sentimita 15 mlangoni na mita kumi za mchanga laini. Njia ya zege yenye upana wa mita moja na nusu kutoka mlangoni mpaka kwenye kivuli ambako wenzake wanakaa ni mifuko michache ya saruji, na njia hiyo hiyo wadogo wataigeuza barabara ya ringi, kwa hiyo huombi cha upendeleo.

Pale kivulini mwekeeni meza ya zege, kiti kiingie chini yake, juu fundi achimbe shimo la mdako na mashimo ya bao. Mdako chini kwenye vumbi hawezi, mezani atawafunga wote. Kwenye rede yeye awe mrushaji, tena mrushaji aliyekaa ni hatari maana mpira unakuja chini chini. Kombolela anaweza kulinda kopo. Lakini haya ni ya kwangu, waulize wale marafiki wanaopokezana, wao wameshafikiria muda mrefu kuliko sisi.

Mwalimu, swali fupi. Watoto wanatuchimbia mashimo uwanja mzima kwa ajili ya gololi na mdako. Tumewapiga marufuku, wanachimba. Tumewapa adhabu ya kufukia, wanafukia halafu wanachimba. Tufanyeje?

Wapeni upande mmoja wenye udongo mgumu, karibu na uzio, mzungushie kamba na kibao "HAPA PANACHIMBWA". Na kibao waandike wao.